Vigae vya Chooni na Vigae vya Kamati

Haya ninayokwenda kukusimulia hutayaamini, na wala sitakulaumu. Mimi mwenyewe nilikuwepo na bado nayatilia shaka. Ukiona mahali nimetia chumvi, jua ni ya kuonja tu. Chakula kisicho na chumvi hupewa mgonjwa, na wewe naona u mzima.

Habari yenyewe ni ya mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa. Jina lake la kuzaliwa limo kwenye vyeti vyake, na vyeti vyake vimo ndani ya bahasha ya plastiki chini ya godoro, basi tuliache lilale huko. Mimi humwita Chokonoa. Nilimpa jina hilo akiwa na miaka mitano, siku niliyomkuta ameng'oa kigae nilichokilaza jana yake, eti anataka kuona kuna nini chini. Nikamwambia chini kuna saruji. Akauliza, na chini ya saruji? Nikamwambia udongo. Na chini ya udongo? Nikamwambia aende kwa mama yake.

Mimi ni fundi wa vigae. Sakafu, kuta, bafu, jiko, ngazi, popote mguu unapoteleza nimepita. Shule niliiacha kidato cha pili, au shule iliniacha mimi, hilo bado tunabishana. Lakini nusu ya mji huu inakanyaga kazi ya mikono yangu kila asubuhi kabla haijapiga mswaki. Kuna jaji mmoja, simtaji, alikataa kuhama nyumba kwa sababu ya bafu nililomjengea. Alipandishwa cheo akaambiwa ahamie mji mwingine, akasema labda bafu lije nalo.

Sasa ona jinsi damu inavyojua njia. Chokonoa naye akaja kufanya kazi ya vigae. Ila vyake ni vile vya kale: vipande vya vyungu, vya mitungi, vya sahani zilizovunjika kabla babu wa babu yangu hajaota meno, vikafukuliwa ardhini na kupelekwa jumba la makumbusho. Wenyewe kule huviita vigae, kama mimi ninavyoviita vyangu. Neno moja, kazi mbili. Lishike neno hilo, maana nusura litutoe roho.

Mahali anapofanyia kazi nimefika. Si kule mbele ambako wageni hupiga picha. Ni nyuma, ghorofa ya chini kabisa, chumba kirefu chenye madirisha madogo juu karibu na dari, unaona miguu ya watu wakipita nje. Rafu za chuma ukuta hadi ukuta, na kila rafu imejaa visanduku. Chokonoa hukaa kwenye meza moja yenye mguu mfupi aliouegemeza kwa kipande cha ubao. Mbele yake beseni la maji, mswaki, gazeti la kukaushia, kalamu ya wino mweusi yenye ncha kama sindano. Kigae kikishaoshwa na kukauka, hukipaka tone la rangi ya kucha isiyo na rangi, huandika namba juu yake, halafu hupaka tone jingine ili namba isifutike. Mwenye duka la vipodozi mtaani kwetu alikuwa akimsifu kwa dada yangu kwamba binti yako anajipenda, kila mwezi chupa tatu za rangi ya kucha. Dada akaiangalia mikono ya mwanawe, kucha zimekatika kama za mchimba mihogo. Vyungu vya watu waliokufa vilikuwa vimejipamba kuliko binti yake aliye hai.

Miaka kumi na mmoja ameifanya kazi hiyo kama kibarua. Ndiyo, kibarua. Ana shahada mbili, na bado kila baada ya miezi mitatu husaini karatasi upya. Mkurugenzi wa jumba lile, mtu mmoja mwenye sauti ya kubembeleza, humwambia kila mwaka avute subira. Subira huvuta heri, sawa, lakini ya mpwa wangu ilikuwa inavuta vumbi.

Kilichomkosesha usingizi hasa ni daftari. Zamani sana, wageni kutoka ng'ambo walikuja kuchimba kilima fulani nchini, wakatoa vigae visanduku arobaini, wakapakia melini, wakaondoka navyo. Vipo hadi leo katika jumba la makumbusho la kwao, nje ya nchi, bahari kadhaa kutoka hapa. Lakini msimamizi wa vibarua waliochimba alikuwa mtu wa hapa, na kila jioni aliandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa kuku, kila kigae kimetoka shimo lipi, kina gani, kando ya nini. Daftari lake wageni hawakulichukua. Pengine waliliona la mpishi. Chokonoa alilikuta stoo chini ya rundo la magunia, limeliwa na mende pembe moja. Kwa hiyo ikawa hivi: vigae viko kule bila maelezo, maelezo yako huku bila vigae. Na duniani mtu aliyelisoma daftari lile lote, mstari kwa mstari, ni mmoja, naye anaishi chumba cha pili kutoka changu na hajui kupika wali usiungue.

Akasikia kuna ufadhili. Kuna mfuko wa kimataifa unaowapeleka watafiti wa kanda yetu nje ya nchi miezi tisa, unalipa nauli, chumba, chakula, na unamfungulia mtu milango ya stoo za wenyewe. Akaomba. Mara ya kwanza barua moja ya wadhamini wake ilichelewa siku mbili, akakataliwa. Mara ya pili mkurugenzi alitia saini mahali pa tarehe na tarehe mahali pa saini, akakataliwa. Mara ya tatu aliandikiwa kwamba maombi yake yalikuwa mazuri sana, na hiyo, mimi nakwambia, ndiyo lugha ya kukataliwa ya watu waliosoma. Mwaka huu ndio ulikuwa wa mwisho. Mfuko ule hauchukui mtu aliyefikisha miaka thelathini na mitano, na Chokonoa alikuwa anaitimiza mwezi unaofuata. Akikosa safari hii, basi tena. Visanduku arobaini vitakaa kule na daftari litakaa huku mpaka mende wamalize pembe ya pili.

Ungemwona miezi ile ungemhurumia, au ungehama. Hakutulia. Alihangaika kama kuku anayetafuta pa kutaga. Alihamisha kitanda chake kutoka ukuta huu kwenda ule, kesho akakirudisha. Aliamka anafagia ua uliofagiwa. Tukikaa mezani goti lake linacheza mpaka chai inamwagika. Dada yangu alisema mtoto ameingiwa na siafu. Mimi nikamwambia Chokonoa kwamba akitaka kutembea hivyo bora atembee na ndoo, nina mchanga wa kuhamisha. Akahamisha. Mchanga wote, peke yake, na hakulalamika, na hapo ndipo nilipojua mambo ni mazito.

Sasa tufike kwenye kosa. Nalisema kosa, sijifichi, ingawa ukinisikiliza vizuri utaona kosa lilikuwa na wazazi wawili.

Wiki ile simu ya Chokonoa ilitumbukia kwenye beseni la kuoshea vigae. Akaiweka ndani ya mchele kopo zima, tukala mchele, simu haikupona. Kwenye fomu alikuwa ameandika namba ya pili ya kumpata, na namba hiyo ni ya nani? Ya mjomba wake. Je, aliniambia? Anasema aliniambia. Mimi nasema aliniambia nikiwa nakata kigae kwa mashine, na mtu akiambiwa kitu mashine ikilia hajaambiwa.

Jumatano, saa nne asubuhi, nimepiga magoti kwenye choo cha daktari mmoja wa meno, saruji hadi kwenye viwiko, simu inalia. Nikaibonyeza kwa pua. Si uongo, nilibonyeza kwa pua. Namba haionekani. Sauti ya mama mmoja, laini, ya ofisini.

"Habari za kazi. Samahani, hii ni namba ya yule wa vigae?"

Nikamwambia amefika, mwenyewe ndiye mimi.

"Tulitegemea sauti ya mwanamke."

"Aa, huyo ni msaidizi wangu," nikasema. "Mimi ni mjomba wake. Vigae nimemfundisha mimi. Sema shida yako."

Akasema kamati imepitia na imependezwa. Mimi nikajua ni kamati ya jengo, maana maghorofa siku hizi yote yana kamati. Nikauliza ni vya chooni au vya sebuleni. Akasema kwa kadiri anavyoelewa ni vya kilimani. Nikasema kilimani hakuna tabu, tunapandisha na mkokoteni. Hapo nadhani alicheka, au alikohoa. Akasema wajumbe wana swali dogo tu: wengi wanajiuliza kwa nini ahangaike na vile vilivyovunjika.

Hapo akanigusa pabaya. Mtu kuniuliza mimi habari ya vigae vilivyovunjika ni kama kumuuliza mwokaji habari ya mkate ulioungua.

"Mama," nikamwambia, "kwetu kilichovunjika kinatupwa. Hatukigusi mara mbili. Mtu akikuletea habari za vipande vilivyovunjika, huyo anakula hela yako, mfukuze."

Kwa upole uleule, akaniambia basi wanamhitaji Jumanne, saa tatu asubuhi, jengo la maktaba kuu. Nikamwambia Jumanne haiwezekani, tuko kwenye choo cha daktari. Akauliza kama nina hakika. Nikasema mama, choo hakingoji. Akasema kwa hiyo waandike kwamba hatakuja? Nami nikajibu, Mungu anisamehe, "Andikeni hivyohivyo, tutaonana kazi ikipungua."

Nikarudi kwenye mwiko wangu, roho nyeupe.

Jioni yake tunakula, nikaanza kuwapa kisa cha mama mmoja wa ajabu aliyetaka kutupa kazi ya vigae vya kilimani, tena vilivyovunjika. Dada yangu alicheka. Chokonoa aliweka kijiko chini. Goti lake, lililocheza miezi mitatu, likasimama.

Akaniuliza huyo mama alisema anatoka wapi. Nikasema kwenye kamati. Kamati gani? Nikasema kamati, tu, kamati ina aina? Akaniuliza neno kwa neno, kama hakimu, na kila nilipojibu nilijisikia nafupika, mpaka nikafika kwenye Jumanne. Wakati huo nilikuwa nimeshaelewa, lakini mdomo ukishateremka mlima haushikiki, nikamalizia mpaka "andikeni hivyohivyo".

Nilidhani atapiga kelele. Laiti angepiga. Aliniangalia kwa muda, akasema taratibu, "Mjomba, ulifanya makusudi?"

Mama yake akamwambia asimseme mjomba wake hivyo. Yeye hakumwangalia mama yake, aliniangalia mimi. Mimi nina jibu la kila mtu. Nimewahi kumjibu mkaguzi wa majengo mpaka akasahau alichokuja kukagua. Lakini hapo sikuwa na kitu. Maana kumbuka, yule mtoto amenishikia uzi na pima maji tangu akiwa darasa la tatu. Kila Jumamosi, kila likizo, mpaka sasa na shahada zake, huja kunichanganyia saruji na kunicheka ninavyoimba. Miezi tisa ni mingi. Na mimi sikuwa nimewahi kumwambia mtu yeyote kwamba nimehesabu Jumamosi zilizomo ndani yake. Ni thelathini na tisa.

"Sikufanya makusudi," nikasema. Sikuweka na mzaha mwishoni. Akaniamini, au alichoka, akaenda chumbani kwake, na tukasikia kitanda kikihama.

Alhamisi asubuhi alikwenda kwenye duka la kompyuta akawaandikia barua pepe. Hawakujibu. Ijumaa akaandika tena. Namba ya yule mama haikuonekana, kwa hiyo hakuna pa kupiga. Jumamosi na Jumapili ofisi za dunia nzima zimefungwa, na sisi tulikuwa humo ndani kama watu waliofungiwa na nyuki. Mimi nikatengeneza bawaba za milango ambazo hazikuharibika. Dada akafua pazia mara mbili. Chokonoa alilichukua daftari la yule msimamizi, nakala yake aliyoinukuu kwa mkono, akalisoma akitembea uani, kwenda na kurudi, akihesabu kina cha mashimo kwa vidole.

Jumatatu kabla usiku haujaingia nikamwambia, kesho tunakwenda. Akasema jina limefutwa. Nikamwambia mlango haujafutwa. Nikampigia daktari wa meno kwamba choo chake kitangoja. Akasema lakini ulisema choo hakingoji. Watu wana kumbukumbu mbaya.

Saa mbili tuko maktaba kuu. Ukumbi mkubwa, sakafu ya vigae vya kijivu, safu ya nne kutoka mlangoni imepinda, nikaiangalia nikaichukia. Pembeni meza, mlinzi, karatasi ya majina kumi na mawili. La Chokonoa lilikuwa la saba. Mtu alikuwa amelikata kwa rula, mstari mmoja ulionyooka vizuri sana. Mlinzi akasema aliyekatwa hapiti. Nikamwambia kukatwa kwa rula si kukatwa kwa panga. Hakucheka. Tukakaa kwenye benchi.

Tukakaa saa tatu, saa nne, saa tano. Vijana walikuwa wanaingia na mafaili na kutoka wakijifuta nyuso. Chokonoa alikaa mikono chini ya mapaja. Mimi nilisimama, nikakaa, nikaenda kuipima ile safu iliyopinda kwa unyayo, nikarudi. Hatimaye mlango wa mwisho wa ukumbi ukafunguka, akatoka mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, akamwita mwombaji mwingine kwa sauti laini, ya ofisini. Sikio langu lina elimu ndogo lakini halisahau. Nikamwendea.

Nikamsalimia. Akanitazama kuanzia viatu, penye saruji, akapanda juu polepole, akasema, "Wewe ndiye mwenye choo."

"Ndiye mimi, mama. Kosa si la mtoto. Kosa ni la masikio yangu. Ulisema vigae, nami nikasikia vigae."

Nilimweleza yote pale mlangoni, mimi nikilaza vya sakafuni, yeye akisoma vya vyungu, simu ndani ya mchele, na kwamba ni mwaka wake wa mwisho, hakuna mwingine. Sikutia chumvi hata chembe. Ni siku moja katika maisha yangu. Yule mama, kumbe ndiye katibu wa kamati, alijiuma mdomo, akasema orodha imefungwa lakini mwenye uamuzi ni mwenyekiti, tungoje. Akaingia. Muda kidogo nikasikia kicheko ndani, cha watu kadhaa, halafu kikakatika ghafla kama kimefunikwa na sufuria.

Mchana, wengine wote walipokwisha, akaitwa. Dakika kumi, wakasema. Umeme ulikuwa umekatika na feni haziendi, kwa hiyo mlango waliuacha wazi, na benchi letu, kwa bahati, lilikuwa limesogea. Lilisogezwaje usiniulize.

Mwenyekiti alikuwa profesa mstaafu, mzee mkavu mwenye sauti ya mtu aliyefundisha madarasa makubwa. Hakumuuliza habari za barua wala saini. Alisema, "Binti, mjomba wako ametuambia kilichovunjika kinatupwa. Ana miaka thelathini kwenye kazi. Kwa nini sisi tukupe nauli ukaangalie kilichotupwa?"

Nikafumba macho. Maneno yangu mwenyewe, yamepanda ngazi yakarudi na suti.

Niliona mgongo wa Chokonoa ukinyooka.

"Ni kweli anatupa," akasema. "Nyuma ya kila nyumba aliyofanya kazi kuna rundo lake. Sasa mkitaka kujua mjomba wangu amefanya kazi wapi, sakafu hazitawaambia. Sakafu watu hubomoa, huuza, huweka nyingine. Chungu kizima nacho ni hivyo, mtu akihama anahama nacho, kinauzwa, kinaolewa pamoja na mke, kinafika mji ambako hakikufinyangwa. Kilichovunjika hakimtamanishi mtu. Kinabaki palepale kilipovunjikia. Ndiyo maana tunakiamini."

Akaendelea, sasa kwa haraka kidogo, goti likicheza chini ya meza:

"Ila hivi vya kilimani viliondolewa palepale pake, vikabaki havina pa kusemea. Mahali pake pameandikwa kwenye daftari la msimamizi. Mimi ninalo kichwani. Niwekeni nalo chumba kimoja na vile visanduku, basi."

Nakuapia, mimi niliyemfundisha kushika uzi sikujua kwamba mtoto yule anajua kusema. Miaka yote nilidhani anakuja Jumamosi kuchanganya saruji. Kumbe alikuwa anaangalia rundo langu la takataka.

Profesa alimshukuru. Hawakusema ndiyo, hawakusema hapana. Watu wa kamati hawana neno linaloisha.

Wiki tatu baadaye jibu likaja, nalo likatutesa kuliko la kukataliwa: amewekwa akiba, wa kwanza. Yaani mmoja wa waliochaguliwa akishindwa kwenda, ataenda yeye. Hujawahi kuona nyumba inayoomba Mungu bila kujua imwombee nani nini. Dada yangu alisema ni dhambi kuombea mtu akwame. Mimi nikasema hatuombei akwame, tunamwombea apate kitu kizuri zaidi, kwa mfano mchumba. Kila simu ikilia tunagongana mlangoni. Chokonoa alikuwa ameacha kusema. Alikwenda stoo, aliosha vigae vyake, alirudi, alitembea uani. Akatimiza miaka thelathini na mitano siku ya Jumatatu, na hakutaka tuitaje. Fomu yake ilikuwa imeingia kabla, kwa hiyo bado alikuwa ndani, lakini mlango wa kuomba tena mwakani ndio huo ulikuwa umeshafungwa.

Siku sita kabla ya tarehe ya kuondoka kwa wenzake, simu yangu ikalia. Niko kwa mama mmoja mwenye nyumba ya ghorofa, nalaza sebule yote, yenye maua ya kupokezana, kazi ya kutuliza akili. Chokonoa yuko kando anachanganya gundi, ilikuwa Jumamosi. Namba haionekani. Safari hii sikuuliza vya chooni wala vya sebuleni. Nikasema tu, "Ngoja nikupe mwenyewe," nikamkabidhi simu kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Alisikiliza. Akasema ndiyo. Akasema ndiyo tena. Akasema pasipoti anayo, amekuwa nayo miaka minne, haijawahi kutoka kwenye bahasha. Yule aliyemtangulia alikuwa amepata kazi mahali pengine, Mungu amzidishie, na ampe na huyo mchumba. Chokonoa akarudisha simu, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akasema, "Ijumaa ijayo." Halafu akainuka, akakaa, akainuka.

Basi nyumba yetu ikageuka soko. Dada anakunja nguo anazikunjua. Mkurugenzi akaja mwenyewe, na sauti yake ya kubembeleza, kusema kwamba alijua siku zote. Jirani akauliza mbele yangu, mpaka ng'ambo kwa vigae, kwani hapa dukani vimekwisha? Chokonoa leo amekaa hapa mezani anaandika namba kwenye nakala ya daftari lake, begi liko wazi miguuni, na mimi naandika haya upande wa pili ili asiseme nilikaa bure. Anainuka kila dakika tano. Sasa hivi amesimama nyuma yangu, nahisi anapumua begani mwangu, lakini mimi sina cha kuficha.

Kwa hiyo nimalizie ile Jumamosi ya simu, maana wengine wangetetereka. Mimi ni mtu mzima. Habari njema niliipokea kiume, nikampa mkono, nikamwambia mwanangu nenda, hapa tutakuwa salama, kisha nikarudi kwenye magoti yangu nikaendelea na kazi kama kawaida. Na sebule ile, niliyoimaliza alasiri ileile, mita arobaini za mraba, ua linatazama ua, hakuna kigae hata kimoja kilichopi—

"Mjomba, acha. Safu nne uliziweka maua yanatazama ukutani, Jumapili nzima tumezing'oa, na mimi ndiye niliyekushikia ndoo."